Mwanaisha, jibu langu la Alhamisi lilikuwa nusu

Nairobi, Jumapili jioni

Kwako Mwanaisha,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi tu wazima, ila jua hatujaliona tangu Jumatano na nguo hazikauki. Natumaini wewe, mama na Salim hamjambo.

Nakuandikia kwa sababu ya lile swali lako la Alhamisi usiku. Uliniuliza: maadamu Salim alipandikizwa uboho wako, je, kinga yake yote sasa imetoka kwako? Nami nikakujibu upesi kwamba naam, seli zote za kinga huzaliwa ubohoni, kwa hiyo zote ni zako. Nikasikia sauti yako ilivyochangamka. Nilipokata simu moyo haukutulia. Nililokuambia ndilo tulilofundishwa chuoni, lakini kuna kipande kikubwa nilikiacha, na jambo linalomhusu mdogo wako sipendi ulijue nusu.

Ijumaa asubuhi nilikuwa kwenye hadubini na slaidi ya makohozi. Kabla ya kutafuta ugonjwa wowote, huwa tunahakikisha kwanza kwamba kilicholetwa kimetoka ndani ya mapafu, kisije kikawa mate tu. Ushahidi wake ni seli ya aina moja: kubwa, ya mviringo, kiini chake kimesogea pembeni kama punje ya haragwe, na ndani mwake mna punje nyeusi nyeusi. Weusi huo ni masizi. Moshi wa mkaa, wa magari, wa taka zinazochomwa nyuma ya nyumba. Ukiuvuta, seli hii huumeza usije ukabaki umetapakaa kwenye vifuko vya hewa. Inaitwa makrofaji. Kazi yake ni kula: vijidudu, seli zilizokufa, vumbi. Bakteria wa kifua kikuu wakishuka mapafuni, ndiyo ya kwanza kukutana nao.

Niliitazama ile moja kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, nikikuwaza wewe na swali lako. Hii ilizaliwa wapi?

Mwaka 1968 watafiti Ralph van Furth na Zanvil Cohn walichapisha kazi iliyotawala vitabu kwa miongo kadhaa. Kwa mujibu wao, uboho hutoa seli za damu ziitwazo monositi, nazo hutembea na damu kwa muda mfupi, kisha huingia kwenye viungo na kugeuka makrofaji. Uboho, damu, kiungo: njia ikawa hiyo moja. Mwalimu wetu aliichora ubaoni kwa mshale mmoja mrefu, nami nikaujibia mtihani nikapita.

Mwaka 2010 Florent Ginhoux, Miriam Merad na wenzao wakachapisha habari za panya. Walizipa alama seli za kiinitete mnamo siku ya 7 ya mimba, siku tatu hivi kabla ya kuchomoza seli shina za damu, yaani zile ambazo baadaye hukaa ubohoni na kuzaa seli za damu. Panya wale walipokua wakubwa, alama ilikutwa ubongoni, kwenye maikroglia, yaani makrofaji za ubongo. Maana yake ni kwamba maikroglia hazikupita ubohoni kamwe. Ziliingia ubongoni mapema, zikazaana humo humo, na zikaendelea kujijaza zenyewe maisha yote.

Kwa binadamu utaratibu unafuata njia ile ile. Fikiria wiki ya tatu tangu mimba kutunga, mama mwenyewe hedhi imemchelewa siku chache tu. Kiinitete kina kifuko kidogo kilichoshikamana nacho, kifuko cha kiini, na humo ndimo damu ya kwanza inamotengenezwa. Pamoja na chembe nyekundu za mwanzo hutoka makrofaji za mwanzo, zinasambaa kwenda kwenye viungo vinavyoanza kuumbika. Mfupa bado haupo, sembuse uboho. Seli shina za damu, zile ulizompa Salim, huchomoza karibu wiki moja na nusu baadaye, kwenye ukuta wa mshipa mkuu wa kiinitete, aota. Kutoka hapo huhamia kwenye ini na kuongezeka, na uboho hauanzi kazi hadi wiki ya 11 hivi. Kila nikiyasoma haya nashikwa na mshangao, Mwanaisha. Ubongo unapata walinzi wake kabla mtoto hajawa na mfupa hata mmoja!

Sasa usije ukadhani viungo vyote viko hivyo. Ni kama mji huu wetu: wako waliozaliwa Kaloleni, wazazi wao walizaliwa pale pale, na wako wanaoshuka kwenye matatu alfajiri kufanya kazi na jioni wakaondoka. Utumbo ni wa hao wa pili. Makrofaji zake nyingi hubadilishwa mfululizo na monositi zitokazo ubohoni. Moyo una mchanganyiko. Zile za mapafu, kwa panya, hutokana na seli zilizokuwa kwenye ini la kijusi, nazo hukamilika katika wiki ya kwanza baada ya kuzaliwa. Ini lina zake, seli za Kupffer. Hizo nimewahi kuziona kwenye slaidi ya mtu aliyeugua malaria, zimebeba rangi ya kahawia iliyokolea kuelekea weusi, mabaki ya vimelea zilivyovila.

Kuna kisa kimoja cha binadamu nakipenda sana. Mwaka 2000, huko Lyon, Ufaransa, mtu mmoja alipandikizwa mikono miwili ya marehemu. Ngozini kuna seli za kinga ziitwazo seli za Langerhans. Miaka 10 baadaye wataalamu walizipima kwenye ngozi ya mikono ile, wakakuta bado ni za mtoaji. Damu ya mwenye mwili ilipita humo usiku na mchana miaka yote hiyo, na seli za ngozi zikabaki za ukoo wao.

Turudi kwa Salim. Seli zake za damu, chembe nyekundu, monositi, zile zinazopigana na virusi, hizo zimetoka kwako, na hapo sikukosea. Seli za utumboni vivyo hivyo, kwa sehemu kubwa. Lakini zile zilizotulia ndani ya viungo tangu akiwa tumboni mwa mama yenu, baadhi bado ni zake mwenyewe. Nasema baadhi kwa sababu zile dawa kali alizopewa kabla ya kupandikizwa huua na hizi pia, na mahali palipobaki wazi seli za kutoka ubohoni mwako huweza kuingia, zikajifunza kazi ya kiungo kile na kukaa. Kwa hiyo hivi sasa ndani ya mwili mmoja mnaishi wawili, zako na zake, kila moja mahali pake.

Najua ulitaka kusikia kwamba zote ni zako. Ulilala siku mbili na maumivu ya nyonga ili apone, na una haki ya kulifurahia hilo. Ila nakumbuka Salim akiwa darasa la tano, alivyoungua mguu kwa maji ya chai na kidonda kikafunga bila shida. Baadhi ya jamii ya seli zilizosafisha kidonda kile huenda ingali naye.

Niandikie matokeo ya kipimo cha mwezi huu yakitoka, hasa hesabu ya seli nyeupe. Na mwambie asiache dawa za kuzuia maambukizi hata akijiona mzima kabisa, mpaka daktari wake aseme. Likizo nimeomba ya Agosti. Wakinipa, nitapanda treni ya asubuhi, na hii slaidi ya masizi nitakupigia picha uione.

Mwenzio,
Rehema