“Si Kupiga Windows Tu?” Kwa Nini Kompyuta za Timu ya Programu Tunakaa Nazo Siku Mbili

Lawama hii haiishi hapa dukani Tabora: fundi mwingine anapiga Windows asubuhi, mchana laptopu unayo mkononi, sisi tunakaa nazo siku mbili na bei yetu iko juu. Kupiga Windows kweli ni kazi ndogo. Lakini kompyuta ya mtu anayeandika programu pamoja na wenzake inahitaji mengi yasiyoonekana kwenye kioo, na hayo ndiyo unayolipia.

Chukua jina la akaunti. Ukiandika jina lenye nafasi katikati, Windows inaunda folda yenye nafasi ndani ya C:\Users, na ukilibadilisha baadaye folda inabaki vilevile. SDK ya Android (zana za kutengenezea programu za simu) hukaa humo humo, na zana zake za ziada ziitwazo NDK zinagoma kwenye njia ya folda yenye nafasi. Tiba yake mara nyingi ni kufungua akaunti upya na kusimika kila kitu tena.

Ramu nayo. WSL 2, sehemu ya Windows inayoendesha Linux ndani yake, kwa kawaida inaruhusiwa kutumia hadi nusu ya ramu yote. Kwenye GB 8, zinazobaki 4 zinagombaniwa na Windows, kivinjari na kihariri. Nunueni GB 16, na muulize kabla ya kulipa kama ramu imechomelewa kwenye ubao mkuu wa kompyuta, maana laptopu nyingi nyembamba haziongezeki.

Halafu bando. Android Studio (programu ya kuandikia programu za Android), SDK, emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) na imeji za Docker (vifurushi vya programu vilivyo tayari kuendeshwa) ni GB nyingi; kompyuta tano zikipakua kila moja kivyake, mnalipia mara tano. Sisi tunapakua mara moja, tunahakiki SHA-256 (alama inayoonyesha faili haikuharibika) na kuhifadhi kwenye diski ya nje. BIOS, programu ya ndani inayoiwasha kompyuta, hatuisasishi mpaka betri ijae na chaja iwe kwenye UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ubao unaweza kufa.

Sasa njia ya mkato inayotuletea kazi nyingi kuliko zote: kuandaa kompyuta moja vizuri, kisha kunakili diski yake kwenda nyingine nne. Zinawaka, zinafanya kazi, mteja anafurahi. Ila faili ya .gitconfig, yenye jina ambalo Git (programu ya kutunza historia ya mabadiliko) huliweka kwenye kazi yako, imenakiliwa pia, hivyo kila komiti (badiliko lililohifadhiwa) ya ofisi nzima inabeba jina la mtu mmoja. Kosa likiingia kwenye programu ya mteja, hamjui mumuulize nani. Ufunguo wa SSH, faili inayokutambulisha unapotuma kazi, nao ni mmoja. GitHub, tovuti ya kuhifadhia kazi hiyo, haikubali ufunguo mmoja kwenye akaunti mbili, kwa hiyo wote wanapita kwenye akaunti ya mmoja wao. Siku akiacha kazi mna mawili: kumwachia mlango wazi, au kuufuta ufunguo na kuwafungia nje wote waliobaki. Kwenye kompyuta za Ubuntu (mfumo wa Linux), namba ya utambulisho iliyo kwenye faili ya /etc/machine-id ikifanana, kompyuta mbili zinaweza kupewa anwani moja ya mtandao, na intaneti ikaanza kukatika bila sababu ya wazi.

Kunakili kwenyewe si kosa. Tunanakili kabla hakijaingia kitu cha mtu yeyote, baada ya zana ya Sysprep kuondoa utambulisho wa Windows. Kisha kila mmoja anatengenezewa ufunguo wake wa SSH wa aina ya ed25519 akiwa amekaa mbele ya kompyuta yake, akichagua nywila mwenyewe. Hatukabidhi mpaka mradi wenu halisi ujengwe humo na komiti ya majaribio ionekane kwa jina lake. Tarakimu 48 za kufungulia BitLocker (kufuli la diski la Windows) tunamkabidhi mwenye ofisi kwenye karatasi.

Kama zenu zimeshanakiliwa, msizifute. Zileteni, tutabadilisha majina na funguo bila kugusa kazi iliyomo. Ila zije zote siku moja, kwa sababu ufunguo wa zamani tunaufuta siku hiyohiyo, na itakayobaki nyumbani haitaweza tena kutuma kazi.