MALALAMIKO: Mama yangu kushushwa kwenye gari Cartagena, na safari ya Palenque tuliyolipia

Kwa Meneja,

Habari za kazi. Naandika kwa heshima, ila mjue barua hii nimeifuta mara tatu kwa sababu zile za mwanzo zilikuwa na maneno ambayo mama asingependa kuyaona yametoka kwangu. Habari za vocha na masharti sizirudii, mmeziandika nyie wenyewe na namba yetu ya bukingi mnayo.

Nianze na lenyewe. Jumatano asubuhi, huko Cartagena, Colombia, nje ya Torre del Reloj, lile lango la kuingilia mji wa zamani, kijana wenu alimshusha mama yangu kwenye gari mbele za watu. Mama ana miaka 71. Alishakaa dirishani na mkanda kafunga, kijana akasoma karatasi yake akasema majina yetu hayapo, mama akamwambia taratibu mwanangu sisi tumelipia toka mwezi wa kumi na moja, yule akachukua begi la mama akalibwaga chini akaanza kumpigia makofi ashuke haraka kama mtu anafukuza kuku. Gari likaondoka na siti mbili tupu. Siti zetu hizo.

Mengine nayo yapo. Mlituuzia hoteli ndani ya ukuta, mji wa zamani, tukapelekwa Bocagrande kwenye maghorofa ya ufukweni. Maghorofa na bahari Dar yapo, hatukusafiri siku mbili kwenda Colombia kuangalia maghorofa. Kila siku ikawa teksi kwenda, teksi kurudi, hela yetu. Halafu yule mwongoza wageni wa siku ya kwanza, yale matembezi ya masaa matatu mliyoandika, alituacha kanisa la San Pedro Claver baada ya dakika ishirini tu eti ana kundi lingine. Mama alibaki amesimama mbele ya altare, yale mabaki ya padri Pedro Claver mwenyewe yako pale chini kwenye kioo, mama ndo akanieleza kwamba padri huyo aliingia mji ule mwaka 1610 na mpaka anakufa 1654 kazi yake ilikuwa kushuka kwenye meli za watumwa na maji na dawa. Yaani mteja ndo anafanya kazi mliyolipwa kuifanya.

Na dada wenu wa ofisini anajua kwa nini tulienda, maana mama alikaa kwenye kiti chake pale ofisini akamweleza kwa kirefu. Kafundisha historia sekondari miaka 34. Kawapeleka wanafunzi Bagamoyo sijui mara ngapi. Alichotaka ni kuona huku watu wetu wa Afrika walikoshushwa ilikuwaje, na zaidi ya yote alitaka kufika San Basilio de Palenque, kijiji cha watu waliotoroka utumwa wakiongozwa na Benkos Biohó, Wahispania wakaja kumuua huyo Benkos mwaka 1621 lakini kijiji hawakukiweza, mpaka leo kipo na wana lugha yao yenye maneno ya Kikongo ndani yake. Kilomita kama 50 tu toka mjini! Dada akasema mama usiwe na wasiwasi, Palenque ni siku ya tatu. Mama akaenda kununua daftari. Akaandika maneno ya Kiswahili kwa peni nyekundu, mwana, ng'ombe, na mengine, ili akifika awaulize wao wanasemaje.

Hilo daftari ndo lilikuwa mapajani mwake Jumatano. Meneja naomba nirudie maana nikiwapa juujuu mtasema ni kutoelewana. Kulikuwa na wageni tisa mle ndani. Mama alikuwa amejifunga kanga yake mpya begani, alishawasalimia wote. Kijana hakumuuliza vocha, nilimwonyesha mimi kwenye simu, akaisukuma simu yangu kwa mkono bila kuiangalia. Akalifikia begi la mama akalibwaga, na mama alivyoinama kufungua mkanda daftari likaanguka nje likafunguka kwenye maji ya mfereji. Hapo ndipo alipiga yale makofi. Mara tatu, nayasikia mpaka leo. Mtu mzima wa kuamkiwa shikamoo, anashuka ameshika mlango kwa mikono miwili, magoti yanamuuma, na watu wanamwangalia. Hakusema neno. Na ukishapita lile lango ndipo ule uwanja waliokuwa wanauzia watumwa, jana yake mama alinisimamisha pale pale akanionyesha. Siwezi kuwaeleza nilivyojisikia kumuona anaokota daftari mahali kama pale.

Nikawatumia ujumbe WhatsApp saa mbili na dakika arobaini. Tiki za bluu zikatokea hapo hapo. Jibu likaja saa kumi jioni, "pole dada, mfurahie mji". Basi.

Aliyemhurumia mama ni mwanamke muuza matunda, hawa wanaobeba beseni kichwani, wengi wao wanatoka hukohuko Palenque. Alimpa stuli yake ya plastiki na kipande cha papai, hela akakataa. Hawaelewani lugha, mama akachora ng'ombe kwenye ukurasa uliolowa akamwonyesha, yule mama akasema "ngombe". Ngombe! Mama alimshika mkono akalia. Neno moja hilo kalipata barabarani, juu ya stuli, sasa fikirieni angeyakuta mangapi kule kijijini mlikomnyima asifike. Kesho yake tulikuwa na ndege ya kurudi.

Ninachotaka. Nilipoanza kuandika nilitaka mrudishe dola 240 za Palenque na tofauti ya hoteli. Lakini nimeandika mpaka hapa nimeona hapana, nataka gharama yote ya ardhini irudi, hoteli na matembezi, kwa sisi wawili. Na meneja mwenyewe, sio dada wa ofisini, aende nyumbani kwa mama akamuombe radhi ana kwa ana. Atamkaribisha chai, ndivyo alivyo, lakini aende. Na yule kijana wa Cartagena nataka kujua kwa maandishi mmemfanya nini, maana mnasema ni wakala wenu huko basi na aibu yake ni yenu.

Nawapa siku saba za kazi. Zikipita napeleka malalamiko Tume ya Ushindani na mwanasheria wetu ameshasoma vocha, anasema hoteli peke yake inatosha. Risiti, meseji zenu na picha ya daftari nitaziweka mtandaoni na jina la kampuni juu kabisa, na lile kundi la walimu wastaafu 22 mnaowaandalia safari ya mwezi wa nane, mwenyekiti wao ni rafiki wa mama, nitaenda kuwasomea barua hii mwenyewe.

Simu yangu iko wazi muda wote. Msinitumie ujumbe, nipigieni.

Mteja wenu,
kwa niaba ya mama yangu