Barua kwa mwanangu kabla hajaanza fildi

Mwanangu Neema,

Marahaba. Nimefurahi umepata ofisi yenye wahasibu, siyo ile ya masjala uliyoing'ang'ania kwa sababu iko karibu na kwa shangazi yako. Wiki 8 za mafunzo ya vitendo ni chache, na wanafunzi wengi wanazimalizia kwenye mashine ya kutoa kopi.

Ninachokuomba ni kimoja: usuluhishi wa hesabu za benki, yaani kulinganisha kitabu cha fedha cha ofisi na taarifa ya benki, uufanye kwa mkono wako mpaka salio likubali. Najua ulipata A. Lakini mtihani unakupa miamala 10 iliyopangwa vizuri, ofisini ni mamia. Na kwenye usaili wa vitendo watakuwekea kompyuta, hawatakuuliza maana ya uhasibu.

Omba kitabu cha fedha na taarifa ya benki ya mwezi uliokwisha kufungwa. Jibu lipo na hutaharibu kitu. Anza na salio la mwanzo. Lisipolingana na usuluhishi wa mwezi uliotangulia, usisonge mbele. Kisha weka tiki kwa kila kinacholingana pande zote mbili. Kinachobaki ndiyo kazi yenyewe. Makato ya benki na fedha ambazo wateja wameingiza moja kwa moja, hayo unayaandika kitabuni. Hundi ambazo ofisi imetoa lakini waliolipwa hawajazipeleka benki, na mauzo ya jioni ya tarehe 31 ambayo benki itayaonyesha kesho yake, kitabuni yamo tayari: unayaorodhesha tu. Wengi huyaandika mara ya pili, kisha wanashangaa tofauti inakua.

Tofauti ikikataa kuisha, igawe kwa 9. Ikigawanyika bila baki, shuku tarakimu zilizopinduka: 54,000 imeandikwa 45,000, imepotea 9,000. La sivyo igawe kwa 2 utafute kiasi hicho, huenda kimekaa upande usio wake.

Halafu Excel. Taarifa ikishushwa kutoka mtandao wa benki, mara nyingi tarakimu huingia kama maandishi, ukijumlisha unapata sifuri. Tarehe 03/07 kwenye kompyuta iliyopangwa Kimarekani inasomwa Machi 7. Kagua hayo kwanza. Kuoanisha namba za kumbukumbu za miamala tumia VLOOKUP, ile fomula ya Excel ya kutafuta, usitumie macho. Picha za simu unazihariri usiku kucha, kwa hiyo usiniambie kompyuta ni ngumu.

Daftari la fildi lijaze kila jioni. "Nilisaidia kitengo cha uhasibu" haimwambii mtu chochote. Andika akaunti ipi, mwezi gani, miamala mingapi, tofauti ilitoka wapi. Ndiyo maneno utakayoyahamishia kwenye wasifu wako. Msimamizi asaini kila Ijumaa, maana wiki ya mwisho mabosi huwa safarini.

Wakikutuma chai, nenda kwa heshima. Ukirudi uliza tena kuhusu usuluhishi. Hesabu za duka nilizifunga mwenyewe miaka yote ili wewe usome, labda ndiyo maana nakusumbua hivi.

Fedha za bodi ya mikopo zikichelewa, usikope kwenye simu, niambie mimi. Baba yako anasema uchukue neti. Gesi imeisha tena, mdogo wako anachemsha maji ya kuoga kama anamwogesha tembo. Chaja ya kompyuta umeiacha juu ya kabati. Nitampa kondakta wa basi la kesho asubuhi, namba yake nakutumia. Ukaipokee stendi mwenyewe, usimtume mtu.

Mama yako