Mitaa ya Kuvutia Ianze na Vivuko na Kona

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nitoe maoni kuhusu namna tunavyoizungumzia mitaa mizuri ya miji. Mara nyingi sifa huishia kwenye rangi za kuta, milango ya kale na maua ya madirishani, kana kwamba uzuri wa mtaa ni bahati tuliyoachiwa na wajenzi wa zamani. Mimi naamini kwamba kinachomfanya mtu apunguze hatua na kutamani kuona kilichoko baada ya kona ni mambo yanayopimika, yaani upana wa njia ya miguu, mwendo wa magari, kivuli, na wingi wa milango inayofunguka upande wa mtaa. Mengi ya hayo yamo katika uwezo wa halmashauri za miji, zikiamua.

Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ilipoufunga mtaa wa Strøget kwa magari mwaka 1962, wenye maduka wengi walihofia kukosa wateja, na wapo waliodai kuwa watu wa nchi ya baridi hawana desturi ya kukaa nje. Mtaa huo ukajaa watu. Huko Curitiba, Brazili, mwaka 1972, meya Jaime Lerner aliigeuza sehemu ya barabara kuu ya katikati ya mji kuwa ya waenda kwa miguu kwa kazi ya mwisho wa juma mmoja tu. Madereva walipotishia kuingia humo na magari yao, walikuta watoto wameketi barabarani wakichora picha kwenye karatasi ndefu zilizotandazwa chini.

Hata hivyo, mtaa mmoja wa kupendeza hautoshi ikiwa kuufikia ni kuhatarisha maisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 mwaka 2021, na zaidi ya mmoja kati ya kila watano alikuwa mtembea kwa miguu. Kwa hiyo ningependa fedha zianze kutumika kwenye vivuko na kwenye kona kabla ya kununua mawe ya kutandika na taa za mapambo.

Chukua taa za kuvukia. Wahandisi wengi hupanga muda wake kwa kukadiria kuwa mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde, hivyo barabara ya mita 14 hupewa sekunde 12 hivi. Mzee anayekwenda mita 0.8 kwa sekunde anahitaji sekunde 17 na ushee, maana yake ni kwamba taa inabadilika yeye akiwa bado mbele ya magari. Kumwongezea sekunde hizo hakuhitaji kuvunja wala kujenga chochote. Kona nazo, ambazo ni nadra kusikia zikitajwa, zinapochongwa kwa mviringo mpana humruhusu dereva kukata bila kukanyaga breki na humrefushia mvukaji safari yake, ilhali kona iliyobanwa humlazimisha dereva apunguze mwendo na amwone aliye mbele yake. Na mwendo ndio kiini cha yote, kwa sababu gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hubeba nishati karibu mara tatu ya lile linalokwenda kilomita 30.

Najua wafanyabiashara wanahitaji kupokea mizigo, na magari ya wagonjwa na ya zimamoto lazima yapite. Hofu hiyo ni ya haki, lakini ina majibu yaliyokwisha kujaribiwa, kama vile kutenga saa za asubuhi za kushushia mizigo na kuweka nguzo zinazoweza kuondolewa.

Ninaziomba halmashauri zianze na barabara zinazozunguka shule, zahanati na vituo vya mabasi, zikijaribu kwanza kwa rangi na vyungu vya miti ili kosa likionekana lirekebishwe kwa gharama ndogo. Na kabla ya mchoro wowote kutiwa saini, mhandisi aliyeuandaa aitembee njia hiyo mwanzo hadi mwisho akiwa pamoja na mtu anayetumia kiti cha magurudumu na mzazi anayesukuma kigari cha mtoto, kisha aandike kila mahali walipolazimika kushuka barabarani.

Wako,
Msomaji mtembea kwa miguu