Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo kuhusu lile kabati la vitabu vipya

Mama Mkuu wa Chuo, shikamoo.

Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu ninayotaka kuyasema hayakuhusu wewe peke yako. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vipo vingi, na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini sidhani kama ni chuo chetu tu kilichofungia vitabu vipya. Nimeanzia kwako kwa sababu ndiko nilikosomea ufundi, na kwa sababu mlango wa ofisi yako haujawahi kufungwa kwa mhitimu. Chuo sikitaji kwa jina. Wanaohusika watajijua.

Makatoni yalipofika, habari zilienea mtaani kabla hata hayajafunguliwa. Walioyashusha garini ni wanachuo, na mmoja wao hushinda karakana kwangu siku za Jumamosi. Nikaja mwenyewe kuangalia. Nikavikuta kwenye kabati la milango ya vioo, vimepangwa kwa urefu kama watoto paredi, vingine bado na nailoni yake, na kwa ndani ya kioo imebandikwa karatasi: VITABU VIPYA, VISIGUSWE. Kijana wa maktaba, ambaye sina neno naye kabisa, akaniambia havijaruhusiwa kuazimwa. Muhula umekwisha, mwingine umeanza. Karatasi imeshaanza kuwa njano, vitabu bado ni vipya.

Kabati lenyewe nalifahamu vizuri, tulilitengeneza sisi darasa la useremala kwa mbao za msindano kutoka Sao Hill. Rafu ya pili, upande wa kushoto, ina kifundo kilichopasuka tukakiziba kwa gundi na unga wa msumeno. Hata leo ukipitisha kidole utakisikia. Milango ya vioo lilikuwa wazo la mwalimu wetu, eti mtu akiviona vitabu atavitamani. Kitasa cha kufuli kiliongezwa baadaye, na aliyekiweka hakuwa fundi, maana kimekaa upande.

Sasa nisikulaumu bure, Mama. Najua kwa nini kabati limefungwa. Kitabu kikishaingia kwenye leja ni mali ya serikali. Kikipotea, mkaguzi atauliza kiko wapi, na wa kujibu ni wewe. Kutakuwa na hoja, kutakuwa na maelezo ya maandishi, pengine na fedha ya kulipa. Lakini kitabu kikikaa kabatini miaka 10 bila mtu kukifungua, mkaguzi atahesabu, ataona idadi imetimia, atatia tiki na kwenda zake. Sijawahi kusikia hoja ya ukaguzi inayosema kitabu hakikusomwa. Kwa hesabu hiyo, mkuu wa chuo anayefunga kabati yuko salama, na anayeazimisha ndiye anayejitafutia matatizo. Hapo ndipo penye kosa, na kosa hilo si la mtu mmoja.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza na kubwa ni hili: Bodi ya Chuo ikae, ikubali kwa maandishi kwamba vitabu vitachakaa na vichache vitapotea, na iweke utaratibu wa kuviandika na kuviondoa kwenye leja. Si jambo geni. Mali chakavu huwa zinafutwa kwa taratibu za serikali. Cherehani zilizokufa zimefutwa, magodoro ya bweni yamefutwa. Sioni kwa nini kitabu cha shilingi 15,000 kiogopwe kuliko cherehani. Kwa wanachuo dhamana mnayo tayari: ile fomu wanayoizungusha kila idara kusainiwa kabla ya kupewa cheti. Kwa sisi wa nje ya geti, barua ya mwenyekiti wa kitongoji na namba ya simu vinatosha. Mtu anayeaminiwa na VICOBA hashindwi kuaminiwa riwaya moja kwa wiki mbili.

Hivi vyuo vilianzishwa mwaka 1975, Mwalimu Nyerere akiwa ameyapenda mambo aliyoyaona kwenye vyuo vya wananchi vya Uswidi, na Waswidi wakatuunga mkono. Shabaha ilikuwa mtu mzima wa kijijini aingie, ajifunze anachokihitaji, arudi kwake. Miaka miwili kabla ya hapo, 1973, wazazi wetu walikaa kwenye vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya, redio moja katikati na kijitabu mkononi, wakasoma na kubishana juu ya vyoo na mbu. Kijitabu kile hakikuwekwa nyuma ya kioo. Kilishikwa kikaisha.

La pili ni ule ubao wa matangazo. Mmebandika orodha yenye kichwa "Vitabu Vinavyopendekezwa". Nimeisoma yote. Imenakiliwa kutoka kwenye karatasi iliyokuja ndani ya makatoni, hata mpangilio haukubadilishwa. Nikamuuliza kijana wa maktaba nani kavipendekeza, akacheka. Mama, kupendekeza kitabu ni kazi ya mtu aliyekisoma. Baadhi ya vilivyomo ni vya Kiingereza kigumu, kimojawapo kinene kinahusu kodi za jimbo moja la Marekani, na kingine kinaeleza namna ya kupasha joto nyumba wakati wa theluji. Nakubali kwamba Juni na Julai huku kwetu baridi haina mchezo, lakini theluji bado. Wafadhili tunawashukuru. Ila mtoaji hutoa alichonacho, na anayejua nani anasoma nini hapa chuoni ni ninyi.

Naomba basi nithubutu kupendekeza vichache, kwa kuwataja wasomaji wenyewe.

Wapo wasichana na akina mama vijana wa mpango wa Elimu Haina Mwisho, wanaokuja darasani na watoto mgongoni. Hao ningewapa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Si kipya, kilitoka 1971, tena kiliwahi kupigwa marufuku shuleni kwa sababu kilisema waziwazi mambo ya wasichana na wanaume ambayo wakubwa walitaka yanong'onwe. Baba wa Rosa, mlevi na mkali, anamchunga bintiye kwa fimbo mpaka binti anakua bila kujua namna ya kujilinda. Kinaumiza na mwisho wake ni mzito, kwa hiyo ningependa kisomwe kwa kikundi, mwalimu wa kike akiwapo. Lakini wataongea. Nina hakika wataongea kuliko kwenye semina yoyote ya stadi za maisha. Na tukiwa hapohapo, vitabu vya picha vya Kiswahili kwa ajili ya wale watoto vinunuliwe pia, wanakaa mchana kutwa wakichezea vifuniko vya chupa.

Kwa yeyote anayesema "Kiswahili hakina vitabu vikubwa", mpeni Peponi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipewa Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, na mwaka uliofuata riwaya yake ikatoka kwa Kiswahili, imefasiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapwa na Mkuki na Nyota. Ni hadithi ya Yusuf, mtoto anayechukuliwa na tajiri kwa deni la baba yake, akaingia na misafara ya biashara hadi bara, enzi za Wajerumani. Nimesoma nakala ya kuazima kwa mwalimu mmoja wa sekondari. Niliimaliza taratibu, maana kuna kurasa nilizirudia. Chuo chetu kina ya Kiingereza. Iko kabatini, ya tatu kutoka kulia, na nailoni yake. Ya Kiswahili haimo.

Vijana wa ufundi magari na umeme hawapendi kitabu kinene, na si dhambi. Waanzishieni na Elvis Musiba, wamfuate mpelelezi wake Willy Gamba na bastola yake. Wakizoea kufungua kurasa, wapeni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ambayo filamu yake wengi watakuwa wameisikia. Kwa historia ya kwetu, zipo riwaya za vijana alizoandika M. M. Mulokozi juu ya vita vya Wahehe na Wajerumani, Ngome ya Mianzi ikiwa mojawapo. Mtoto wa Iringa anajua Mkwawa alishinda Lugalo 1891 kwa sababu alikariri kwa ajili ya mtihani. Kusoma namna watu walivyoogopa na kujipanga ni jambo jingine.

Vitabu vya ufundi ndivyo pigo letu. Kwenye rafu ya 694, namba ya useremala, nilikuta vitatu, vyote vya Kiingereza na kimoja hakina kurasa za katikati. Vya Kiswahili ni adimu kweli, sitakudanganya kwamba kuna duka mahali limejaa. Lakini hata vilivyo karibu hatujavifuata. Uyole pale Mbeya kuna kituo cha utafiti wa kilimo ambacho mbegu zake za maharage tunazipanda mpaka jina la Uyole limekuwa jina la maharage. Vipeperushi vya wataalamu kama wale vingejaza nusu rafu ya 630, namba ya kilimo, kwa gharama ya barua moja na nauli ya basi. Na walimu wetu wana madaftari ya masomo ya miaka mingi, michoro imo, vipimo vimo. Yakichapwa na kubanwa, hicho nacho ni kitabu kipya.

Vya kununua, usisubiri katoni. Bodi ya Huduma za Maktaba ndiyo inayotoa namba za ISBN, zile za kutambulisha kila kitabu, nchini na ndiyo inayopokea nakala za vinavyochapwa, kwa hiyo inajua kilichotoka kuliko sisi sote, na kushauri maktaba za vyuo ni sehemu ya kazi yake. Ina maktaba za mkoa Iringa na Mbeya. Mtume kijana wako akakae nao siku mbili tatu, atarudi na orodha ya maana. Halafu kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, sherehe zake zikifanyika Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu. Miswada inayoshinda serikali imesema itaichapa na kuisambaza shuleni. Sijui kama kuna chuo chetu hata kimoja kilichoomba kuingizwa kwenye mgawo huo. Andika wewe uwe wa kwanza, wenzako watafuata.

Kuhusu mapendekezo, nashauri hivi. Ule ubao ufutwe uanze upya. Kila anayerudisha kitabu apewe kadi, aandike mistari mitatu kwa mkono wake: kinahusu nini, kimempa nini, na nani mwingine anafaa kukisoma. Akiona kibaya aandike kibaya. Kadi ibandikwe ndani ya jalada, nakala ubaoni. Dada wa upishi akiandika kwamba kitabu fulani kilimkesha, wenzake wa bwenini watakigombania kuliko wakiambiwa na mimi au na wewe. Wasioandika vizuri wamsimulie mwenzao awaandikie. Na walimu nao waandike, hasa wale wanaotuambia vijana wa siku hizi hawasomi. Tutaona kadi zao.

Najua hutayafanya yote kwa mara moja. Bajeti naifahamu, na mvua zikianza utakuwa na paa la bweni la kushughulikia. Basi anza na kung'oa ile karatasi na kumpa kijana ufunguo. Havihitaji fedha.

Mimi nitachangia ninachokiweza. Vitabu vikionyesha mgongo tu, mtu hupita. Vikitazama mbele, jalada zima, husimama. Nataka nikutengenezee rafu ya maonyesho, ngazi nne, zimelala kidogo kwa nyuma, kila ngazi na kizuizi chembamba kwa mbele kitabu kisiteleze, chini kabisa sehemu ya vitabu vya watoto. Haina mlango, haina kioo. Mbao za moja kwa sita ninazo, zimebaki kwenye kazi ya kanisa na zimekauka vizuri. Msasa na vanishi juu yangu. Wanachuo wa mwaka wa kwanza wakija kusaidia watakuwa wamefanya mazoezi. Ukuta ulio kati ya mlango na dirisha la kwanza nimeukadiria kwa macho kuwa mita mbili na ushee, lakini sikati mbao kwa kukadiria. Naomba mtu aupime kwa futi kamba, urefu kutoka sakafuni hadi kwenye swichi pia, na vipimo ampe huyo kijana wangu wa Jumamosi. Vikifika pamoja na ruhusa yako, Jumatatu yake naanza kuranda.

Wako mtiifu,
Mhitimu wa useremala, Makambako