Kuhusu makala yenu ya Joan Crawford na watoto wake

Ndugu mhariri, shikamoo kama umenizidi umri. Mi ni fundi cherehani hapa Chikongola, Mtwara mjini, na makala yenu ya juzi kuhusu yule staa wa Hollywood wa zamani imesomwa kwa sauti kibarazani kwangu. Kila aliyekaa akasema huyo Christina hana shukrani, mtoto wa kulea, kakulia kwenye jumba la kifahari, mama kafa 1977 na mwaka uliofuata tu keshatoa kitabu cha kumwanika kwamba alikuwa anamtesa. Na nyie kichwa cha habari mmekiweka hivyohivyo.

Mmeandika eti wale mapacha, Cathy na Cindy, wamesema mama yao alikuwa mama mzuri, kwahiyo Christina muongo. Hesabu hiyo imenishinda jamani. Christina alichukuliwa 1940, mapacha wakaja 1947, na hapo katikati mama kaachana na MGM, kampuni ya filamu, 1943, kazi zikawa za kuhesabu, ndoa nayo ikavunjika, mpaka 1946 ndo akabeba Oscar. Sasa mapacha watajuaje ya kabla hawajaja? Tena Christopher, mtoto wake wa kiume, alikuwa upande wa dada yake, mbona yeye hamjamtaja hata kidogo?

Alafu wosia. Mapacha kila mmoja kaachiwa dola 77,500, Christina na Christopher hawakupata kitu, kwa sababu eti wenyewe wanazijua. Mwenzangu, nyumba yenye amani haiandiki wosia wa hivyo.

Nasema haya kwa sababu mi nimelelewa na mama mkubwa, Mikindani. Miaka ile tulikuwa tunabangua korosho kwa mkono, zile za kukaanga kwenye bati, na yale mafuta ya ganda yakikugusa yanachubua, vidole vyangu vilikuwa vyeusi mpaka naona aibu kunyoosha mkono darasani. Ikipasuka kokwa badala ya kutoka nzima napigwa mwiko. Usiku wa manane naamshwa kusugua sufuria niliyoisugua tayari. Wadogo zangu wawili wamezaliwa bei ya korosho imeshapanda, nyumba ina bati jipya, mama mkubwa kanenepa anacheka, anawanunulia visheti. Wao ukiwauliza watakwambia mama yetu malaika, na hawadanganyi! Mdogo wangu mmoja alinipigia simu analia kabisa, dada kwanini unamsema mama vibaya, nikamjibu we hukuwepo, akakata.

Sisemi kila neno la Christina ni kweli, sikulala kwenye nyumba yao. Ila mkumbuke hata Bette Davis, aliyecheza naye, binti yake alimwandikia kitabu 1985 mama akiwa hai, na kule pia watu waligawanyika. Hawa mastaa sisi tunamjua wa kwenye picha, nywele zimetengenezwa, tunadhani ndo huyohuyo anarudi nyumbani kupika.

Kilichoniudhi zaidi ni zile henga za waya. Mmeweka kama kichekesho kwa sababu muvi ya 1981 iliyotokana na kitabu hicho, ile Faye Dunaway kacheza mama anayempiga Christina kwa henga, watu wanaiiga kwa kucheka. Mteja wangu mmoja, baba mtu mzima, naye kacheka, "Fundi, mtu apigwe na henga ndo akaandike kitabu?" Mi hapa dukani henga za waya ninazo kama thelathini, nikashusha moja nikampa aishike, nikamwambia baba piga paja lako mwenyewe, taratibu tu. Akaizungusha mkononi, akaangalia ile ncha iliyosokotwa pale juu, akanirudishia akaulizia suruali yake imefikia wapi.

Naomba toleo lijalo mrekebishe kile kichwa cha habari, na Christopher mmuandike.

Fundi cherehani,
Chikongola, Mtwara