Hiyo programu ya kupiga picha skrini

Nairobi, Jumapili jioni

Mama Tasha,

Salamu nyingi, na hongera kwa cheo. Sisi tuko salama. Ujumbe wako wa sauti, unaouliza utaisimamiaje timu inayofanya kazi kila mtu akiwa kwake, nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na kile kipande ulichokuwa unagombana na konda. Jibu lake ni refu kwa WhatsApp, ndiyo maana naandika.

Hiyo programu ya kupiga picha skrini za watu kila dakika kumi, usiiweke. Naelewa mkubwa wako wa London ndiye anayeitaka, na naelewa watu walio Rongai, Kisumu, Mombasa na Kigali huwaoni kwa macho. Lakini itakuonyesha kwamba mtu ameketi, si kwamba kazi imeisha. Akishajua anahesabiwa kipanya, atakisukuma huku na huku mpaka jioni.

Unachokosa ni kazi iliyoandikwa ikaeleweka. Unasema ulimwambia Baraka "ashughulikie malalamiko ya wateja" na wiki ikaisha hivyo hivyo. Ashughulikie nini hasa? Mwandikie: Baraka, jedwali la malalamiko ya mwezi uliopita, safu tatu, yaani tarehe, tatizo, limetatuliwa au bado. Liwe kwenye folda yetu Alhamisi saa kumi jioni, Njeri alipitie Ijumaa. Mwenye kazi awe mmoja. Ukiweka wawili, kila mmoja anamngoja mwenzake.

Halafu kila asubuhi kabla ya saa tatu na nusu, kila mtu aandike mistari mitatu: jana nimemaliza nini, leo nafanya nini, nimekwama wapi. Hapo huhitaji kikao cha kila siku. Huo mstari wa tatu ndio mali. Mtu akiandika "nasubiri nywila kutoka kwa watu wa fedha", ifuatilie asubuhi hiyo hiyo, kwa sababu ukikaa kimya mara mbili tatu wataacha kuandika, na utakuwa umerudi kwenye kubahatisha. Na ambaye hajawahi kukwama wiki mbili nzima, mpigie simu. Ama kazi ni ndogo mno kwake, ama anakuogopa. (Wewe unaogopesha kidogo, tusidanganyane.)

Kikao kimoja kwa wiki kinatosha, nusu saa, ajenda itoke siku moja kabla. Kamera zizimwe baada ya salamu, video inamaliza bando za watu. Mkikubaliana jambo kwenye WhatsApp, linakiliwe kwenye hati ya pamoja siku hiyo hiyo, la sivyo wa Kigali atalisikia likiwa limeshaharibika.

Na angalia saa. Uingereza wanasogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sisi hatugusi. Kikao cha saa tatu asubuhi yao kinakuwa saa tano yetu wakati wa kiangazi chao, na saa sita wakati wa baridi, watu wakielekea chakula. Kigali nao wako nyuma yetu saa moja mwaka mzima.

Stima ikipotea je? UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya kuiwasha umeme ukikatika, inasaidia, lakini soma kwanza kibandiko cha adapta, ruta nyingi ni volti 12 ila si zote. Laini ya akiba iwe ya kampuni tofauti na ile ya faiba ya nyumbani, maana hitilafu ikiwa ya kampuni, vyote viwili vinalala pamoja. Hata hivyo Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zinazotuletea intaneti zilipokatika, kubadilisha laini hakukuokoa wengi. Kila mtu awe na kazi ya kando isiyohitaji mtandao.

Nirudi kwa ile programu, maana nakujua, utaambiwa "jaribu mwezi mmoja tu". Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka watu waambiwe unachukua nini na kwa nini, na usichukue kuliko unachohitaji. Picha ya skrini haichagui. Itanasa salio la benki la mtu na majibu yake ya hospitali, na wewe ndiye utakayekuwa umeyahifadhi. Mjibu mkubwa kwa barua pepe, si kwa simu, umwambatishie kazi za wiki zilizokamilika na tarehe zake. Hizo ndizo atakazowaonyesha walio juu yake.

Sasa niambie: bando za watu analipa nani? Huyo wa Kigali ana mkataba wa kwao au wa huku? Ukienda likizo nani anakushikia? Njeri anaweza, au bado hamsemezani? Na Tasha je, meno yameota? Mnakuja lini?

Wako,
Nyambura